Acheni mrututu, punguzeni dagaa

Swali ni lile lile, limebadilika sauti tu: "Mtaalamu, mwani umejaa kwenye tangi langu la matumbawe, nitie mrututu kiasi gani?" Linatoka Nyali, linatoka Mikocheni, na siku hizi linatoka hata Muscat, ambako jamaa zetu wana matangi ya bei ya gari. Muulizaji hataki kujua kama mrututu unafaa. Hilo alishakata shauri kabla ya kupiga simu; anachotaka kwangu ni kipimo. Haya, kipimo ni sifuri.

Najua imani hiyo inakotoka. Aliyekulia Kilimanjaro amewaona wazee wakipulizia kahawa mrututu na ugonjwa ukatulia. Duka la samaki wa mapambo nalo linauza kichupa cha maji ya buluu kwa ajili ya madoa meupe, na ndani yake huweza kuwamo shaba, ile ile iliyo kwenye mrututu. Kwa samaki peke yao, katika tangi la kutibia lisilo na kiumbe kingine, shaba inatibu kweli. Na mwani inaua, tena vizuri sana. Balaa linaanzia hapo hapo kwenye kuua vizuri.

Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya nyama yake mna mwani wa hadubini, mara nyingi unaokaribia seli milioni moja katika kila sentimita ya mraba. Mwani huo hutengeneza sukari kwa mwanga wa taa zako, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humfikia mwenye nyumba, kama mpangaji anayelipa kodi kwa chakula. Rangi ya kahawia unayoiona kwenye matumbawe mengi ni ya mwani huo. Sasa niambie: dawa yako itatofautishaje mwani wa kwenye kioo na mwani wa ndani ya tumbawe?

Haitofautishi. Na matokeo ya tumbawe kupoteza mwani wake hatuhitaji kuyakisia. Mwaka 1998 joto la El Niño lilipopiga Bahari ya Hindi, matumbawe ya pwani yetu, kuanzia Kenya kushuka hadi Tanzania, yalitema mwani wao yakabaki meupe, na mengi yakafa. Watu wanalia kwa kupauka kwa miamba ya bahari, kisha wanarudi nyumbani kutafuta kijiko cha kufanya jambo lile lile sebuleni.

Twende kwenye hesabu, maana kila mtu huniambia atatia "kidogo tu". Maji ya bahari ya wazi yana shaba chini ya mikrogramu 1 kwa lita. Dozi ya kutibu madoa meupe ya samaki ni takriban miligramu 0.2 kwa lita, yaani zaidi ya mara 200 ya hapo. Mrututu nao ni robo shaba kwa uzito. Tia gramu 1 tu, kiasi cha kuokota kwa ncha ya vidole, katika tangi la lita 200: umepata miligramu 1.3 kwa lita. Hiyo ni zaidi ya mara 6 ya dozi ambayo sisi wenyewe huipima kwa uangalifu ili isimdhuru samaki. Konokono watadondoka kutoka kwenye kioo kwanza. Kamba watafuata, halafu kaa, jongoo bahari na viti vya pweza. Yupo mjuaji atakayenikumbusha kwamba damu ya kamba ina shaba. Ni kweli, na ndiyo maana huwa na ubuluu. Hata hivyo kamba wake atakufa.

Halafu shaba haiondoki. Mawe na mchanga wa tangi la matumbawe ni chokaa, na shaba hunata kwenye chokaa, kisha huachia polepole kwa miezi. Mtu hubadilisha maji, hupima, huona sifuri, hununua konokono wapya. Baada ya wiki mbili wamekufa, naye humlaumu muuzaji. Wakati huo huo mwani uliokufa umeoza na kurudisha fosfati yote majini, na walaji wake hawapo tena. Kitakachoota kwanza ni mwani. Kama ulishatia, weka kaboni hai na kifyonzi cha shaba kinachouzwa kwa kazi hiyo, tupa mchanga, na ukubali kwamba mawe hayo sasa ni ya tangi la samaki peke yao.

Ndugu yake mrututu ni kapsuli ya erithromaisini, inayofunguliwa na kumwagwa majini kwa sababu ya utando mwekundu unaofunika mchanga. Hapa muulizaji amebahatisha nusu. Utando huo si mwani bali ni bakteria, na antibayotiki huuondoa kweli. Lakini chanzo hubaki, bakteria wanaosafisha amonia huweza kudhurika, na maji yenye dawa hatimaye humwagwa kwenye karo. Hatuhitaji kufuga usugu wa dawa kwenye mtaro wa nyuma ya nyumba.

Chanzo ni nini? Mkono wako. Nimeona matangi yanayolishwa dagaa wa kusaga asubuhi, mchana na jioni, na siku ya wageni yanaongezewa mkate. Kila punje isiyoliwa hugeuka nitrati na fosfati, na hicho ndicho chakula cha mwani.

Chanzo cha pili ni maji ya kujazia, na hiki hakuna anayetaka kukisikia. Kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam, tangi la lita 200 kupoteza lita 2 kwa siku si ajabu. Kinachopaa ni maji peke yake. Yaliyoyeyuka ndani yake hubaki. Ukijazia maji ya kisima yenye nitrati miligramu 50 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani bado linakiruhusu kwa kunywa, kwa mwezi umeingiza gramu 3 za nitrati. Hiyo ni miligramu 15 za ziada katika kila lita ya tangi, na samaki hata hujawalisha. Jazia maji ya mashine ya RO, ile inayochuja hata vilivyoyeyuka majini. Yanauzwa mtaani kwa madumu, ila nenda na kipima TDS chako, kile kinachoonyesha wingi wa vilivyoyeyuka majini, kwa sababu wapo wanaouza maji ya bomba yaliyopita kwenye sponji, na wapo wanaorudishia madini ili maji yapate ladha.

Haya, ya kufanya. Vumbi la kahawia kwenye tangi jipya: liache, litaisha lenyewe. Mwani wa kijani mithili ya nywele: toa jiwe, lisugue kwa mswaki ndani ya ndoo ya maji ya chumvi, badilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji kila wiki, taa zisiwake zaidi ya saa 8 kwa siku, fosfati ishuke chini ya miligramu 0.1 kwa lita, ongeza konokono. Tasi anakula mwani vizuri, lakini hukua kuliko tangi lako, na miiba yake ina sumu, waulize wavuvi. Utando mwekundu: unyonye kwa mpira, ongeza msukumo wa maji, lisha mara moja kwa siku. Makamasi ya kahawia yenye mapovu: hapo acha kusafisha! Hayo mara nyingi huja nitrati na fosfati zinapofika sifuri, na aliyeyapata huhitaji kulisha zaidi kidogo. Aiptasia, yule anemoni mdogo wa kahawia anayeota kila ufa: usimkwangue, maana kila kipande kinachobaki huota upya. Zima pampu, mfunike kwa uji mzito wa chokaa ya akwariamu ukitumia bomba la sindano. Si chokaa ya kupaka ukuta.

Na msichemshe mawe ili kuua wadudu. Matumbawe laini ya jamii ya Palythoa, yale yanayofanana na vifungo vya shati, yanaweza kuwa na palitoksini, mojawapo ya sumu kali kabisa zinazojulikana, na mvuke wa sufuria huipeleka moja kwa moja mapafuni. Mwaka 2018 familia moja ya Steventon, Oxfordshire, Uingereza, ilipelekwa hospitali baada ya kusafisha tumbawe la tangi lao, na wazimamoto waliofika nyumbani hapo nao wakapelekwa. Ukilazimika kuyashika, vaa glavu na miwani, usiyasugue kwa brashi nje ya maji, wala usiyamwagie maji ya moto. Ukianza kusikia homa, kikohozi na kubanwa kifua baada ya kazi hiyo, fungua madirisha, mtoke nje wote, nendeni hospitali na mumweleze daktari mlichokishika. Dalili zake hufanana na mafua makali, sumu hii haina dawa ya kuipinga, na daktari asiyeambiwa hatafikiria tangi la samaki.