Mama Mkristo na Nyumba Yake Katika Wilaya ya Kilosa

Katika wilaya ya Kilosa, tangu vilima vya Ukaguru na Usagara hata kufikia Mikumi na milima ya Uvidunda upande wa kusini, ukoo haukupata kuhesabiwa kwa upande wa baba. Maana Wakaguru, Wasagara, Wavidunda na majirani zao Waluguru hufuata nasaba ya mama, na mtoto azaliwaye kwao ni wa ukoo wa mama yake tangu siku ya kuzaliwa. Dini ya Kikristo ilipoingia katika nchi hii zamani za karne ya kumi na tisa, kwa mkono wa wamisionari wa Kianglikana waliojenga Mamboya, na wa mapadre wa Roho Mtakatifu ambao maskani yao ya kwanza upande wa bara ilikuwa Bagamoyo mwaka 1868, iliikuta desturi hiyo imesimama imara, nayo ikahubiri ya kwamba mume ndiye kichwa cha nyumba. Mgeni angedhani kuwa mambo hayo mawili yangeshindana mpaka moja lifutike. Hayakufutika, na mimi niliye mama na Mkristo nasadiki ya kuwa aliyeyapatanisha ni mwanamke, kwa kazi zake za kila siku, bila kuitwa barazani kutoa hukumu.

Siku ya mama huanza alfajiri, giza lingalipo. Hufagia uwanja, hukoka moto, huinjika chungu cha uji, ndipo huwaamsha watoto. Na kabla ya mtoto kutia kitu kinywani, hupiga ishara ya msalaba, hunena sala fupi ya kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa usiku uliopita, kisha huwaamkia wakubwa wake mmoja mmoja, babaye kwanza, na bibi ikiwa yumo nyumbani. Hiyo shikamoo nayo ni sehemu ya ibada kwetu, kwa kuwa mtoto asiyezoezwa kumstahi mzazi amwonaye kwa macho, ni taabu kumfundisha kumcha Mungu asiyemwona.

Lakini madarasa yetu makubwa ni jikoni. Binti huketi karibu na mafiga akichambua majani ya kunde na ya maboga kwa ajili ya mlenda, na mama humwonyesha kiasi cha magadi kitakacholainisha mboga pasipo kuitia uchungu. Humpa karanga azitwange kinuni, humtazama anavyokoroga uji wa ugali kwanza, akiongeza unga kidogo kidogo mpaka mwiko uwe mzito mkononi, naye husonga kwa nguvu akiugandamiza ukingoni mwa sufuria ili madonge yasisalie. Katika muda huo, mikono ikiwa kazini, mama husimulia habari za Ruthu na Naomi, au za yule mjane wa Sarepta na chupa yake ya mafuta. Huuliza habari za shule. Hukemea uongo uliosemwa jana. Hueleza ni kwa nini sahani ya jirani mgonjwa hupakuliwa kabla ya sahani za wenye nyumba. Mtoto husahau hotuba nyingi za kanisani, ila mafunzo yaliyoambatana na harufu ya karanga na moshi wa kuni hayamtoki.

Ama kuhusu heshima ya baba na haki ya mjomba, hapo ndipo busara ya mama hupimwa. Zamani, kwa desturi ya hawa watu wetu, mjomba alikuwa na kauli kubwa juu ya watoto wa dada yake: aliombwa shauri la ndoa, alikuwa na fungu lake katika mahari, na mtoto aliyeugua au kukosa hakushughulikiwa pasipo yeye kujua. Kanisa nalo humtaka baba awajibike kwa malezi, kwa ada ya shule na kwa sala ya nyumbani. Mama mwenye hekima hamtupi ndugu yake wala hamdhili mumewe. Posa inapoletwa, humtangulizia habari mumewe, kisha hutuma neno kwa kaka yake, naye huhakikisha kwamba siku ya kikao wote wawili wameketi mkekani upande mmoja, wakizungumza na wageni kwa kinywa kimoja. Na siku ya ndoa kanisani, baba humkabidhi binti mbele ya padre, hali mjomba ameketi miongoni mwa wakubwa, hakuna aliyenyang'anywa taadhima yake.

Mchana ni wa shamba. Mahindi, mpunga wa mabondeni, kunde na mbaazi ndiyo riziki yetu, na wale wakaao vijiji vya kandokando ya hifadhi ya Mikumi, iliyotengwa mwaka 1964, hujua vema kwamba kulima hakutoshi bila kulinda. Mahindi yanapokomaa, nyani huja mchana, nguruwe na tembo huja usiku. Basi baba na vijana hulala katika dungu wakipiga madebe na kuwasha moto, na mama hubaki nyumbani na wadogo, akiwaombea walio gizani kwa majina yao. Watoto waliokulia katika sala za namna hiyo hawaulizi dini ina faida gani, kwa maana wamekwisha kuona hofu ya mama yao ikigeuka kuwa dua, na asubuhi baba akirudi salama.

Hatuishi peke yetu. Reli ya Kati iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1905, pamoja na mashamba ya mkonge ya Kimamba na kwingineko, yalileta Kilosa watu wa makabila mengi, Waislamu kwa Wakristo, nao wamekuwa majirani, watani na wakwe. Kwa hiyo, Krismasi inapokaribia, nyumba nyingi za Kikristo humwita jirani Mwislamu achinje jogoo au mbuzi, ili kusiwe na mgeni atakayeogopa kunyoosha mkono siniani. Nayo siku ya Idd, sahani za pilau huja kwetu zimefunikwa kwa kawa, na sahani hairudishwi tupu. Mto Mkondoa unapofurika na kuingia majumbani, hakuna aulizaye nani huenda msikitini na nani huenda kanisani. Akina mama hupokea watoto wa wenzao, hupika chungu kimoja. Mikutano yetu ya jumuiya ndogondogo, na ya Wanawake Wakatoliki, hutukumbusha kuwa jirani tuliyeamriwa kumpenda ndiye huyu aliye ng'ambo ya ua.

Liko jambo moja ambalo nawasihi akina mama wenzangu tulitazame kwa makini. Zamani binti aliyevunja ungo alitiwa ndani, akafundwa na kungwi juu ya usafi, subira na siri za ndoa. Siku hizi wengi wetu tumeyaacha mafundisho hayo, wengine kwa kuyaona ya kishenzi, wengine kwa kukosa nafasi, tukiwa njiani Mikumi tukiuza vitunguu na nyanya kwa abiria wa mabasi. Lakini hatukuweka kitu mahali pake, na binti hufundwa na simu na rafiki zake. Katika mila hiyo ya zamani, yale yanayomwondoa binti shuleni na kumharakisha kuolewa yaachwe, wala tusiyaonee haya kuyaacha. Ila mafundisho ya mwili wake, ya heshima yake na ya kujitunza, mama Mkristo ana faradhi ya kuyatoa mwenyewe kwa kinywa chake, mapema, bila kuzungukazunguka. Ukoo wetu hupita kwa mama. Basi na tukubali kuwa elimu hii nayo, pamoja na imani, itapita kwetu au itakosa njia.