'Fuvu la kichwa' si kosa: Maana na asili ya neno 'fuvu'

NIMEWASIKIA baadhi ya walimu wakiwakosoa wanafunzi kwa kuandika 'fuvu la kichwa'. Hoja yao ni kwamba fuvu ni la kichwa tu, hivyo kulitaja neno 'kichwa' ni kurudia maana bure. Hebu tulichunguze neno lenyewe kabla ya kumpokonya mtoto alama.

Katika taaluma ya mwili, fuvu ni mifupa migumu inayouzunguka ubongo. Hiyo ndiyo maana inayojulikana na wengi. Hata hivyo, maana yake ya msingi ni pana zaidi: ganda gumu la kitu, hasa linapobaki tupu. Ganda la yai ni fuvu. La nazi vilevile.

Neno hili lina umbo jingine, 'fuu', lisilokuwa na sauti /v/ katikati. (Tusilichanganye na 'fuu', lile tunda dogo jeusi la mti uitwao mfuu.) Ukilitanguliza kiambishi cha udogo ki-, unapata 'kifuu': ganda gumu la nazi lililofunikwa na makumbi. Mpwani akishakuna nazi hubaki na kifuu mkononi. Akikitia mpini, amepata upawa. Asipokihitaji, hukitia motoni kikawa kuni. Wahenga nao walisema: 'Maji ya kifuu ni bahari ya chungu.' Chungu hapa ni mdudu, si chombo cha kupikia!

Basi kichwa kimefananishwa na nazi: ganda gumu nje, kitu laini ndani. Si Waswahili pekee walioona hivyo. Neno la Kilatini 'testa' lilimaanisha chombo cha udongo au ganda. Wataalamu wa mimea hulitumia hadi leo kutaja ganda la mbegu, ilhali kwa Waitaliano 'testa' ni kichwa, na kutokana nalo Wafaransa wakapata 'tête'.

Kwa hivyo, anayesema 'fuvu la kichwa' anabainisha ni fuvu la nini. Pale muktadha unapojitosheleza, kwa mfano daktari anaposema fuvu la mgonjwa lina ufa, 'fuvu' peke yake linatosha. Miundo yote miwili ni sahihi. Mwalimu, mrudishie mtoto alama yake.