Wanaohama Kilomita Nne

Mwisho wa Juni, shule zinapokaribia kufungwa, barabara ya kutoka Victoria kwenda Marsalforn hujaa magari yaliyobeba magodoro juu. Asiyejua atadhani kuna vita. Feni, sufuria, tundu la ndege, mashuka yaliyopigwa fundo, na kiti cha mbele bibi kizee amekumbatia picha ya mtakatifu iliyoviringishwa taulo. Ukiuliza, utaambiwa wanakwenda likizo. Safari yenyewe ni kilomita kama nne, na watakaa huko mpaka Septemba.

Hiki ni kisiwa cha Gozo, cha pili kwa ukubwa katika nchi ya Malta, kusini mwa Sicily. Malta yote ina kilomita za mraba 316. Unguja peke yake ingeimeza mara tano na nafasi ikabaki. Gozo haifiki 70. Ukisimama juu ya ngome ya Victoria, mji mkuu wa kisiwa, unaiona bahari pande zote. Kwa hiyo swali lililonisumbua nilipofika mara ya kwanza lilikuwa jepesi: mtu anayeiona bahari kutoka dirishani kwake kila siku ya Mungu anahama ili iweje?

Nilipanga chumba Marsalforn, kijiji cha ufukweni wanakohamia, majira mawili ya joto, nyumbani kwa mama mmoja mjane ambaye nyumba yake ya kudumu ilikuwa Victoria. Jibu lake lilikuwa kwamba hahami. Anafungua nyumba ya pili. Lakini vitendo vilisema vingine. Vitunguu vilihama, paka alihama, hata jirani zake wa Victoria walikuwa jirani zake wa Marsalforn, ukuta kwa ukuta, kwa sababu baba zao walipanga vyumba pamoja tangu zamani. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Likizo tunayoiona kwenye matangazo ya mashirika ya ndege ni ya mtu anayewakimbia majirani zake. Ya watu wa Gozo ni ya kuwabeba.

Haikuwa hivi siku zote. Kwa karne nyingi pwani ya Gozo ilikuwa mlango wa adui. Julai 1551 majeshi ya Waturuki wa Osmani, chini ya Sinan Pasha na Dragut, yaliiteka ngome na kuwachukua utumwani karibu watu wote wa kisiwa, maelfu kwa maelfu, wakapelekwa Tripoli. Waliokuja kuishi baadaye walilazimika kisheria kulala ndani ya ngome usiku, na amri hiyo haikuondolewa hadi 1637. Ndiyo maana vijiji vya Gozo vimekaa vilimani. Mvuvi alishuka baharini, akavua, akapanda. Kujenga chumba ufukweni na kulala humo milango wazi, feni ikizunguka, ni anasa ambayo babu wa babu zao wangeiita wazimu.

Ufukwe wenyewe usiufikirie kwa macho ya Pangani au Paje. Sehemu kubwa ya pwani ya Malta ni mwamba. Watu hutandika taulo juu ya jiwe la rangi ya asali, wakashuka majini kwa ngazi ya chuma iliyopigiliwa mwambani. Mchanga upo mahali pachache. Mahali pazuri kuliko pote Gozo panaitwa Ramla l-Ħamra, na hapa mwenye Kiswahili anachangamka. Ramla ni mchanga, neno lilelile tulilolipokea kwa Waarabu tukalifanya ramli, kwa kuwa waganga walipiga bao lao mchangani. Ħamra ni nyekundu. Kimalta ni ndugu wa Kiarabu aliyevaa herufi za Kirumi na kujaza mifuko maneno ya Kiitaliano. Bahari ni baħar, dunia ni dinja, kitabu ni ktieb, Alhamisi ni il-Ħamis, Ijumaa ni il-Ġimgħa. Wakatoliki hawa wanamwita Mungu Alla, na Kwaresima yao inaitwa Randan, jina lililotoka kwenye Ramadhani. Jumapili ya kwanza kanisani niligeuka mara mbili kuhakikisha nimeingia mlango sahihi.

Siku inakwenda hivi. Watumishi wengi wa serikali hufanya kazi nusu siku wakati wa kiangazi, hivyo baba anaondoka asubuhi na kabla ya alasiri yuko majini. Saa saba hadi saa kumi mitaa ni mitupu, madirisha yamefungwa, hata mbwa hapiti. Jua la Julai na Agosti huko halina mzaha, na mvua ni nadra. Upepo nao una majina na tabia. Xlokk unatoka Sahara kupitia Libya, mzito na wenye unyevu, nguo hazikauki na watu wanagombana ovyo. Upepo ukivuma kutoka kaskazini, ghuba ya Marsalforn inachafuka, na familia nzima inahamishia taulo Xlendi, upande wa pili wa kisiwa. Mama mwenye nyumba alikuwa akitoka barazani alfajiri, ananusa, anatangaza tutaogelea wapi. Sikumbuki akikosea.

Saa kumi na moja jioni, jua likilegea, wanawake wazee wanashuka. Hili ndilo jambo nililolipenda kuliko yote. Wanavaa kofia za ukili, miwani ya jua, hereni, wengine na rangi ya mdomo. Miguuni viatu vya plastiki kwa sababu ya wale viumbe wa baharini wenye miiba wanaoganda kwenye mawe. Wanaingia taratibu, mmoja mmoja, mpaka maji yafike kifuani, wakasimama kwa duara. Hakuna anayeogelea. Wanazungumza. Bei ya nyanya, nani amelazwa hospitali, mjukuu wa nani anaishi na mwanamume bila ndoa. Mikono inachezacheza chini ya maji kama mtu anayepima kitambaa. Saa nzima inapita, wakati mwingine zaidi. Siku moja niliona mmoja ameinua simu juu ya kichwa ili isilowe, anamsomea mwenzake tangazo la kifo. Baraza ni baraza, hata likiwa majini.

Chakula cha ufukweni ni mkate. Ħobż biż-żejt, yaani mkate na mafuta, na usiudharau kwa jina. Mkate wenyewe una ganda gumu linalokwaruza ufizi. Unakata nyanya nusu, unaisugua kwenye mkate kwa nguvu hadi ibaki ngozi tupu mkononi na mkate ugeuke mwekundu. Unamimina mafuta ya zeituni bila uchoyo, unanyunyiza chumvi, unaweka samaki wa kopo, zeituni, na vitumba vya maua ya kapari vilivyolowekwa, ambavyo mmea wake unaota wenyewe kwenye nyufa za kuta. Halafu, na hapa ndipo wageni wanapokosea, unasubiri. Mkate lazima unywe. Mama alinipiga kibao cha mkono nilipoharakisha. Nyumbani watu hutumia mkate wa kawaida au ftira, mkate wa bapa ambao mwaka 2020 UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni. Mafuta yanateremka hadi kiwikoni, unajiosha baharini, unarudi kukata tikiti. Agosti kuna mpungate pia, matunda yake yamemenywa na kuwekwa kwenye barafu.

Chumvi haitoki mbali. Mwendo wa dakika chache kutoka Marsalforn, huko Xwejni, mwamba wa ufukweni umechongwa vijibwawa vya mraba, vimepangana kama trei za mayai kwa kilomita kadhaa. Maji ya bahari yanaachwa humo, jua linafanya kazi yake, na familia chache zinazorithishana vibwawa hivyo zinafagia chumvi kwa fagio, zinaikusanya katika vilima vyeupe, zinaifunika turubai usiku. Watalii wanapita juu ya vibwawa na viatu. Wenyewe wameweka vibao vya kuwaomba wasikanyage, na wanakanyaga.

Kalenda ya kiangazi ni ya watakatifu. Kila kijiji kina sikukuu yake, na sikukuu ni bendi ya matarumbeta, taa barabarani, fataki za mchana zenye mshindo wa mzinga, na sanamu ya mtakatifu ikibebwa mabegani na wanaume wanaotiririka jasho. UNESCO iliitambua desturi hii mwaka 2023. Victoria ina makanisa mawili yanayoshindana: San Ġorġ, ambaye siku yake ni Jumapili ya tatu ya Julai, na Santa Marija wa kanisa kuu, tarehe 15 Agosti. Kila upande una bendi yake, La Stella kwa Ġorġ na Leone kwa Marija, zote za tangu 1863. Kila bendi ina jumba lake la opera, yote mawili kwenye barabara moja, katika mji wa watu elfu chache. Wazee wa Mombasa waliosimuliwa juu ya beni, zile ngoma za mashindano za Kingi na Scotchi, hawatashangaa. Nilipouliza kwa nini wasijenge jumba moja kubwa, mama aliweka kikombe chini. Yeye ni wa Leone. Alinijibu kwa upole unaotumika kwa mtoto: "Mwanangu, halafu tungeshindana na nani?"

Siku hizo mbili Marsalforn inamwagika kurudi Victoria. Watu waliokaa wiki nzima na kaptura wanavaa suti, wanaangalia mbio za farasi kwenye barabara kuu ya mji, wanafuata sanamu, na usiku wa manane wanarudi ufukweni viatu mkononi.

Tarehe 15 Agosti ina uzito mwingine. Mwaka 1942, Malta ilipokuwa imezingirwa na kupigwa mabomu na Wajerumani na Waitaliano, msafara wa meli 14 za shehena ulitumwa kuiokoa. Zilifika tano. Ya mwisho, meli ya mafuta iliyoitwa Ohio, iliingia bandarini ikiwa imevunjika, imefungwa ubavuni mwa manowari ili isizame, siku ileile ya Santa Marija. Watu wa Malta wanauita msafara huo kwa jina la Bikira. Mama alizaliwa baada ya vita na njaa yake, lakini hatupi mkate, hata ukauke vipi.

Wiki hiyo Malta nzima inavuka kuja Gozo. Foleni ya magari kule Ċirkewwa, kwenye gati la kivuko upande wa Malta, inapanda kilima. Kivuko kinachukua dakika 25 hivi, na nauli unalipa wakati wa kuondoka Gozo tu. Utani wa hapo ni kwamba kuingia ni bure, kutoka ndiko kwenye bei. Wanatoka mbali zaidi pia: Melbourne, Toronto, watoto na wajukuu wa waliohama kutafuta kazi karne iliyopita. Katika vijiji vya Gozo utaona nyumba kubwa zenye maneno ya kuiombea baraka Australia au Marekani yaliyochongwa mlangoni. Wamiliki wake wanarudi kiangazi, Kimalta chao kimechakaa, mifuko imejaa. Wangazija wanaowaona ndugu zao wa Marseille wakishuka Agosti kwa ajili ya harusi wanaijua sura hiyo.

Na wageni wa kweli? Mwaka 2024 Malta ilipokea watalii zaidi ya milioni 3.5, nchi yenye watu nusu milioni na ushei. Wengi hushushwa na boti Comino, kisiwa kidogo kati ya Malta na Gozo, kwenye maji ya samawati yaliyopigwa picha mpaka yakachoka. Viti vya kukodisha viliujaza ufukwe kiasi kwamba Agosti 2022 wanaharakati wa Moviment Graffitti walivibeba na kuviondoa kwa mikono yao. Mama hajafika Comino miaka mingi. Anaitazama kutoka kivukoni na kutikisa kichwa.

Si kila mgeni alikuja likizo. Jikoni kwenye mkahawa wa chini ya chumba changu alikuwako kijana wa Kisomali, mwosha vyombo. Tulitazamana wiki nzima kabla hajanisikia nikizungumza na nyumbani Tanga kwa simu. "Kumbe wewe ni wa kwetu!" alisema kutoka dirishani, lafudhi ya Eastleigh, Nairobi, haswa. Alikuwa amevuka kutoka Libya kwa boti, kiangazi, bahari inapotulia. Usiku baada ya kazi tulikaa gatini, yeye akivuta sigara. Katika miaka yake yote Malta, aliniambia, hajaingia majini hata siku moja. Sikumuuliza sababu.

Baada ya sikukuu ya kijiji cha Xagħra, tarehe 8 Septemba, magodoro yanaanza kurudi juu ya magari. Jioni ya mwisho mama alikuwa anakunja mashuka, mimi nimeshika ncha mbili. Akaniuliza kwetu Tanga nyumba yetu iko umbali gani na bahari. Nikamwambia dakika kumi kwa mguu.

"Na mnahamia lini?"

Nikamwambia hatuhami. Baba aliuza samaki. Baharini tulikwenda kazini.

Alisimama na shuka mikononi, akanitazama kwa huruma ya kweli, kisha akaenda jikoni kunikatia kipande kingine cha tikiti.