Kwa Nini Baruti Haiishi Kuungua?

Huko Marekani wapo wapiga shabaha wengi wanaojaza upya, kwa mikono yao, maganda ya risasi yaliyokwisha kutumika. Baadhi yao, baada ya kufyatua bastola ya silinda, hukuta punje za baruti zisizoungua zimetapakaa mtutuni. Je, chanzo ni nini?

Baruti isiyotoa moshi, iliyobuniwa na mkemia Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, huungua kuanzia juu ya punje kuelekea ndani, na kasi yake huongezeka kadiri kanieneo ya gesi inavyopanda. Ikiwashwa mahali pa wazi huungua taratibu; ikifungiwa ndani ya ganda huisha kabla ya kupepesa jicho.

Basi, kichwa cha risasi kisipobanwa barabara na mdomo wa ganda huondoka mapema, kanieneo hushuka, na moto hudhoofika. Huwa vivyo hivyo fataki ikiwa dhaifu, au baruti ikiwa ya kuungua polepole mno kwa kichwa chepesi. Tena, gesi nyingine huvuja katika mwanya ulio kati ya silinda na mtutu.

Punje chache zilizobaki si hatari kubwa. Hatari ni kichwa kukwama mtutuni, kwani risasi ya pili ikifuata, mtutu waweza kupasuka. Kwa hiyo mlio ukiwa hafifu, ufyatuaji hukomeshwa, risasi zikatolewa na mtutu ukakaguliwa. Wala baruti haiongezwi kwa kukisia. Kipimo hufuata majedwali ya watengenezaji.