Mkutano wa kijiji: Baraza tulilopewa, tukaliacha tupu

ANAYETAKA kupima uhuru wa kusema katika nchi hii halazimiki kwenda bungeni Dodoma. Na aende katika kijiji chochote cha Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, ambayo makao makuu yake yapo Mhunze, siku unapoitishwa mkutano mkuu wa kijiji. Atazame mambo matatu tu: nani amehudhuria, nani anasema na nani anajibu.

Ndugu msomaji, tunapotaja uhuru wa maoni fikra zetu hukimbilia magazeti, redio na majukwaa ya vyama vya siasa. Ni kweli kwamba hivyo ni vyombo vya uhuru huo. Lakini mkulima wa pamba wa Kishapu hana gazeti, na redio humsemesha bila kumsikiliza. Chombo chake yeye ni mkutano wa kijiji, na hana haja ya kukiomba, kwani sheria ilikwisha kumpa.

Sheria inasemaje?

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, pamoja na haki ya kutafuta na kupata habari. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya mwaka 1982, ndiyo inayoishusha haki hiyo hadi chini ya mti wa kijiji. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza umri wa miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu, na mkutano huo ndio wenye mamlaka ya juu katika sera zote za kijiji. Ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, na ndio wenye uwezo wa kuwaondoa wajumbe wake. Unatakiwa ukutane angalau mara moja kila miezi mitatu. Aidha, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia.

Tuuzingatie uzito wa maneno hayo. Mjane asiye na ng'ombe hata mmoja na tajiri mwenye zizi lililojaa wana nafasi sawa mbele ya mkutano huo. Mwenyekiti anaposoma mapato na matumizi hafanyi hisani, bali anatoa hesabu kwa waliomtuma.

Gharama ya kukosa pa kusemea

Huenda mtu akauliza: mkutano wa kijiji unaweza kubadili nini? Jibu lipo hapo hapo Kishapu. Mgodi wa almasi wa Mwadui, ulioanzishwa mwaka 1940 na mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, umo ndani ya wilaya hiyo. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds ya Uingereza, iliyokuwa na hisa nyingi katika mgodi huo wakati ule, ilikubali kulipa pauni milioni 4.3, bila kukiri kuwajibika kisheria, ili kumaliza madai ya watu 71 yaliyohusu vitendo vya walinzi dhidi ya watu walioingia katika eneo la mgodi. Madai hayo yalishughulikiwa na mawakili wa London. Katika makubaliano hayo kampuni iliahidi pia kuweka utaratibu wa kupokea na kuchunguza malalamiko ya wanajamii pale pale mgodini.

Tujiulize: kwa nini kilio cha mtu wa Kishapu kisikike kwanza London ndipo kipate pa kusikilizwa Kishapu? Mwezi Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi huo ulipasuka, na tope likafunika makazi na mashamba ya majirani. Palipotokea msiba wa namna ile, mtu alihitaji mahali pa kusimama hadharani aeleze alichopoteza, majina na hesabu ziandikwe, na ahadi anazopewa zisikiwe na mashahidi.

Jambo hilo haliishii Mwadui. Katika ukanda wote wa madini, kuanzia Kishapu na Kahama hadi Geita, kampuni za migodi hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaotokana na mapato yao ghafi. Tena marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanazitaka kampuni ziandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii, na kukubaliana kuhusu mpango huo na serikali za mitaa. Kijiji kisichokutana hakitajua kimeombewa zahanati au kisima, wala hakitakuwa na kumbukumbu ya kudai kilichoahidiwa.

Kushauriana si jambo geni kwetu. Ipo sura nzima katika Qur'an inayoitwa Shura, yaani mashauriano, na Abubakar Swiddiq (r.a.), aliposhika uongozi, aliwataka watu wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akikosea. Wasukuma nao wana dagashida, kikao chao cha hadhara cha kuamua mambo ya jamii.

Ulimi nao una mipaka

Hata hivyo, haki ya kusema isigeuzwe kuwa ruhusa ya kuzua. Mkoa wa Shinyanga unalijua hili kwa uchungu. Akina mama wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi. Mauaji hayo yalianza na neno: mtu alinong'ona, mwingine akaongeza, wa tatu akashika panga. Neno linalosemwa hadharani lina faida hii, kwamba msemaji anajulikana na mtuhumiwa anapata nafasi ya kujibu. Mnong'ono hauna mwenyewe. Kwa hiyo baraza la wazi ni kinga ya wanyonge dhidi ya uzushi, mradi anayesimama aseme alichokiona na athibitishe anachodai.

Kwa nini mikutano imepooza?

Sababu zipo nyingi. Vijana wamekwenda machimboni. Akina mama huketi nyuma, na mara nyingi hawaulizwi. Wengine wanaogopa kuitwa wapinzani. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa, na karibu viti vyote vya vijiji vikachukuliwa na chama kimoja. Viongozi wanapotoka chama kimoja, wa kuwauliza hesabu anabaki mwananchi mwenyewe.

Na tusidhani kwamba kimya ni amani. Siku ya Uchaguzi Mkuu, Oktoba 29, 2025, maandamano yalizuka katika miji kadhaa, watu wakapoteza maisha na intaneti ikazimwa. Lolote mtu atakalosema juu ya siku ile, fundisho moja halikwepeki: penye milango ya maneno iliyofungwa, hasira hutafuta dirisha.

Wajibu huu unaanzia nyumbani. Baba asiyemruhusu binti yake kutoa rai mezani asitarajie kijiji kimsikilize yeye. Tuwazoeze watoto kuuliza kwa adabu na kujibiwa bila kukemewa. Mkutano ukiitishwa, mume na mke waende wote, na kijana aliyetimiza miaka 18 aende nao. Wafikapo, waombe muhtasari wa mkutano uliopita usomwe, wasikilize mapato na matumizi, na lile wasiloelewa waliulize kwa utulivu. Na kama miezi mitatu imepita bila mkutano, wamwendee mtendaji wa kijiji wakamwulize unafanyika lini.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Lakini hao wengi sharti wawepo. Leo tutakapotoka msikitini baada ya swala ya Ijumaa, kabla hatujaanza kulalamika barazani juu ya kisima kilichokufa na michango isiyojulikana ilikokwenda, tuulizane kwanza: mkutano uliopita wa kijiji chetu, nani kati yetu alikuwapo?