Presha ni ya mgonjwa, chumvi ni ya mpishi

Mgonjwa aliyepimwa akakutwa na presha ya 160 kwa 100 hatoki kliniki bila kuambiwa apunguze chumvi. Akifika nyumbani analisogeza kando kopo la chumvi lililo mezani. Anaporudi kupimwa, namba ni zilezile. Si kwamba alidanganya. Chumvi aliyoiacha ni kidogo tu. Nyingi ilikwishaingia kwenye chakula kabla hakijapakuliwa.

Tuifuate nyama ya Jumapili tangu inapobandikwa. Inachemshwa kwa tangawizi na chumvi. Kitunguu na nyanya vikishaiva, supu inamiminwa juu yake, na mpishi akionja akaona mchuzi haujakolea, anavunjia vidonge viwili vya kukolezea. Wali una chumvi yake. Kitunguu cha kachumbari kimefikichwa kwa chumvi ili kipungue ukali, kisha kachumbari yenyewe ikanyunyiziwa nyingine pamoja na ndimu. Kila sufuria imeonjwa peke yake ikaonekana iko sawa. Jumla anaibeba mlaji.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichofika kijiko cha chai kilichosawazishwa, tena ukihesabu na ile iliyomo kwenye vyakula vya kununua. Vidonge vya mchuzi kwa kawaida huwa na chumvi karibu nusu ya uzito wake, au zaidi. Viwili vya gramu 4 kila kimoja vinaingiza takriban gramu 4 kwenye sufuria. Mkiwa walaji wanne, kila mmoja amekwishatumia moja ya tano ya kiasi chake cha siku, na hapo hatujagusa wali.

Kinacholeta madhara ndani ya chumvi hasa ni sodiamu. Ikizidi mwilini huvuta maji, damu inaongezeka ujazo, na mishipa inasukumwa kwa nguvu mchana na usiku. Miaka ikipita, moyo unatanuka, figo zinachoka, na kiharusi kinaweza kuja bila hodi.

Sodiamu ina njia nyingine ambayo haina ladha ya chumvi kabisa: magadi. Wengi huyatia kwenye maharage, makande au kisamvu ili viive haraka. Magadi yakiwa safi, karibu theluthi ya uzito wake ni sodiamu, nayo huharibu baadhi ya vitamini za mboga. Maharage yakilowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa, yatalainika bila magadi.

Kwa samaki, tazama alivyokaushwa. Ng'onda na papa wa chumvi wanajulikana wazi. Dagaa ndio huwachanganya watu: wale wa ziwani mara nyingi huanikwa juani tu, ilhali wa baharini, kama wanaokaushwa Zanzibar, huchemshwa kwanza kwenye maji ya chumvi. Ukitamani papa wa nazi, mloweke, umwage maji mara mbili tatu, na usitie chumvi nyingine kwenye tui.

Soseji, nyama za kopo, achari, krispi na tambi za dakika mbili zenye kipakiti cha viungo ni vya kuweka mbali. Mkate nao uhesabiwe, kwa sababu huliwa kila siku na hauonyeshi chumvi yake. Afrika Kusini iliweka kikomo cha kisheria kilichoanza kutumika mwaka 2016: miligramu 400 za sodiamu katika kila gramu 100 za mkate. Ukitaka kujua chumvi iliyomo kwenye chakula cha pakiti, zidisha sodiamu kwa mbili na nusu. Kwa hiyo miligramu 400 hizo ni gramu 1 ya chumvi.

Wapo wanaohamia chumvi ya waridi wakidhani ni dawa. Karibu yote ni chumvi ileile, na mara nyingi haina madini joto. Iliyo tofauti kweli ni ile ambayo sehemu ya sodiamu imebadilishwa na potasiamu. Utafiti mkubwa uliofanyika vijijini China, ukachapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba waliotumia chumvi ya aina hiyo walipata kiharusi kwa asilimia 14 pungufu. Lakini mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa zinazobakiza potasiamu mwilini, asiiguse kabla ya kumuuliza daktari.

Pombe nayo hupandisha presha. Soda na vyakula vya kukaanga huongeza uzito, na uzito huja na presha yake. Mchicha, maharage, ndizi, viazi vitamu na parachichi vina potasiamu inayousaidia mwili kutoa sodiamu, mradi figo ziwe nzima.

Linalobaki ni la nyumbani. Baba akitengewa kibakuli chake kisicho na ladha huku wenzake wakila pilau, atavumilia siku chache, kisha atachovya kwa jirani. Afadhali sufuria ya wote ipunguzwe chumvi kidogo kidogo. Ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa, hasa ukisaidiwa na ndimu, ukwaju, kitunguu saumu, pilipili manga na bizari. Hata asiye na presha atafaidika.

Kwa hiyo siku ya kliniki, anayepika naye aende, asikie mwenyewe na aulize kuhusu magadi na vidonge vya mchuzi. Dawa ziendelee kumezwa kama zilivyoandikwa; kupunguza chumvi kunazisaidia, hakuchukui nafasi yake. Na kwa kuanzia jioni hii, mpishi achague kikolezo kimoja kwa kila sufuria: chumvi au kidonge, visiingie vyote viwili.