Badilisha Madigadi ya Land Rover Mwenyewe

Mvua zikikolea, barabara za Haydom huwa tope tupu. Gari huteleza, likagonga kisiki au ukingo wa daraja. Madigadi ya mbele inapinda. Mwenye gari anaitazama, kisha anasema: "Hilo ni bati tu. Gari si linakwenda?"

Ndugu msomaji, hilo si bati tu. Madigadi iliyopinda huigusa tairi. Gari likiwa tupu huenda usione kitu. Lakini likipakia watu na mizigo, bodi hushuka. Hapo ncha ya bati huanza kuikwangua tairi kidogo kidogo. Siku moja tairi hupasuka, na pengine gari liko kwenye mteremko.

Tukumbuke gari hilo linabeba nani. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianza mwaka 1955. Wagonjwa huja hapo kutoka Mbulu, Hanang na mikoa ya jirani. Wengi hutoka vijiji vya mbali, na usiku mama akishikwa na uchungu, gari la jirani ndilo huitwa. Basi gari lenye madigadi mbovu si shauri la mwenyewe peke yake.

Jambo la kufurahisha ni kwamba kazi hii unaweza kuifanya nyumbani. Wanatakiwa watu wawili, spana na subira.

Kwa nini Land Rover ni rahisi?

Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na huko Uingereza chuma kilikuwa adimu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa alumini. Alumini ni nyepesi, na haishiki kutu nyekundu kama chuma. Tena, madigadi za mbele hazikuchomelewa, zilifungwa kwa bolti. Kitu kilichofungwa kwa bolti hufunguka.

Ndiyo maana magari haya hudumu. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha, na nyingi zilikuwa za zamani sana.

Kabla ya kununua

Madigadi iliyotumika hupatikana kwa wauza vipuri vya zamani. Usinunue kwa macho tu. Pima ile ya zamani kwa utepe, uandike vipimo kwenye daftari. Angalia pia mahali pa taa. Katika Land Rover za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, taa kubwa zilikaa katikati, karibu na rejeta. Baadaye zilihamia kwenye madigadi. Ukikosea hapo, fedha yako imepotea.

Chukua na sumaku. Sumaku haishiki alumini. Ikishika, ujue bati hilo ni la chuma, au limezibwa kwa kipande cha chuma chini ya rangi.

Jinsi ya kufungua

1. Jioni ya kuamkia siku ya kazi, safisha bolti kwa brashi ya waya. Zipake mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo. Yaache yapenye usiku kucha.

2. Siku ya kazi, simamisha gari mahali tambarare. Vuta breki ya mkono, uweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu.

3. Fungua betri. Anza na ule waya ulioshikana na bodi la gari. Ukianza na ule mwingine, spana ikagusa bodi, cheche zitaruka.

4. Toa boneti. Mwite mwenzako mshikane.

5. Chomoa waya za taa na indiketa. Hapa ndipo kisomo chako kinapoleta manufaa. Kabla ya kuchomoa, funga kikaratasi kwenye kila waya na uandike: "taa kubwa", "taa ndogo", "indiketa". Usitegemee kichwa. Waya zikishafunguka, zote zinafanana.

6. Sasa fungua bolti. Ziko sehemu tatu: mbele, kando ya rejeta, nyuma, karibu na nguzo ya mlango, na chini, kuelekea miguuni pa dereva au abiria. Kwa Land Rover za zamani, spana zinazotumika sana ni za inchi, namba 7/16 na 1/2. Usilazimishe spana ya milimita isiyokaa sawasawa, maana italainisha kichwa cha bolti. Bolti iliyogoma kabisa ikate kwa msumeno wa chuma.

7. Bolti ya mwisho isifunguliwe kabla mwenzako hajashika madigadi. Vaeni glavu au mshike kwa gunia, kwa sababu kingo za bati hukata kama kisu.

Weka bolti na washa za kila sehemu kwenye kopo lake, na uliandike kopo.

Jinsi ya kufunga

Kwanza safisha sehemu za chuma zilizokuwa zimefunikwa. Piga msasa, kisha paka rangi ya kuzuia kutu. Iache ikauke.

Alumini na chuma vikigusana penye maji, alumini huliwa. Utaona unga mweupe, halafu tundu. Kwa hiyo kata vipande vya tyubu kuukuu, uviweke kati ya alumini na chuma. Bolti zipake grisi.

Inueni madigadi mpya, muipachike. Ingiza bolti zote kwa mkono bila kuzikaza. Rudisha boneti na ufungue mlango polepole. Je, mlango unakwangua? Je, boneti inalala vizuri? Sogeza madigadi mpaka nafasi zilingane. Ndipo ukaze bolti zote, moja baada ya nyingine. Ukikaza moja kabisa mwanzoni, matundu mengine hayatakutana.

Rudisha waya kwa kufuata vikaratasi vyako. Funga betri, na safari hii ule waya wa bodi uwe wa mwisho.

Usianze safari bado

Washa taa zote, uone kama zinafanya kazi. Zungusha usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto. Kisha pakia watu wachache, upite polepole kwenye mabonde madogo. Shuka uangalie kama tairi ina alama ya kukwanguliwa. Baada ya siku chache kaza bolti tena, maana barabara zetu hulegeza kila kitu.

Lakini kama ajali ilikuwa kubwa, ukaona fremu imepinda, usukani unavuta upande mmoja, au bomba la breki limeguswa, acha. Hiyo si kazi ya nyumbani. Mwite fundi.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini madigadi iliyopinda ni hatari zaidi gari likiwa na mizigo?
2. Kwa nini tunaweka mpira kati ya alumini na chuma?
3. Katika kijiji chenu, ni gari gani huitwa usiku kukiwa na mgonjwa? Madigadi zake zikoje?